Mwalimu Otieno Anahama

Mpwa wangu Nekesa,

Tangu tukuzike, mtaa wetu mzima wa Gatwekera unanitegemea mimi. Hata chifu hakohoi kabla hajaniuliza. Najua hapo ulipo unasema, "Anko, wacha mchezo." Sema tu. Nimekuandikia habari za shule yako.

Madawati niliyokutengenezea bado ni imara. Lile moja la darasa la nne lilibebwa na mafuriko hadi ng'ambo ya bwawa, likarudi bila msumari kung'oka. Watu waliona.

Ofisi yako ya mwalimu mkuu imekaliwa na madam mpya. Siwezi kumnyima haki yake: paa halivuji tena, na mishahara inafika mapema kuliko wakati wako. Lakini mwalimu akichelewa, anampiga picha pale geti na kuirusha kwa simu za walimu wote. Wewe ulikuwa unaingia darasa la aliyechelewa, unaanza kufundisha. Akifika unampa chaki, unamuuliza kama mtoto wake ameamka vizuri, unatoka. Basi. Na jioni huyo huyo ndiye wa mwisho kwenda nyumbani.

Sasa hakuna anayechelewa, Nekesa. Na kengele ikilia, hakuna anayebaki. Ngoma za Jumamosi zimenyamaza.

Otieno, yule mwalimu wa darasa la nne aliyekuwa akiwafundisha watoto ngoma, amepata shule Kawangware. Mshahara ni ule ule. Nilipomuuliza sababu, akaniambia, "Mzee, nimechoka kuchungwa kama mwizi." Anahama Jumatatu, na darasa la nne halina mwingine.

Wazazi wakanituma nimwambie madam aongee naye vizuri kabla hajaondoka. Nikawaambia wasijali, mimi nilishawahi kufukuza chui kule Kakamega kwa kofia tu. Leo nimeingia ofisini. Nilipotoka, nikawaambia nimegonga meza mpaka madam akaomba maji. Walinipigia makofi.

Lala salama, mpwa wangu. Kesho asubuhi nitarudi kwa madam niseme habari ya Otieno yote, mpaka mwisho. Nakuahidi kwa jina la mama yako, dada yangu.

Maana leo sikusema, Nekesa. Nilipoingia aliona nyundo kiunoni mwangu, akafurahi: "Karibu fundi, kiti kilichovunjika ni hiki." Nikajibu, "Ndio, madam." Nikapiga magoti, nikamtengenezea kiti, nikamshukuru, nikaenda zangu.