Telegramu Namba Kumi na Tatu

Shangazi Mwanaidi,

Nimekaa kwenye kibanda cha simu hapa Mtae, ukungu umeziba dirisha, na nimeshindwa kufanya kazi mpaka nikuandikie.

Kazi hii ulinifundisha wewe. Kabla ya kusema nisikilize kwanza kama waya uko kimya, maana ni mmoja na vituo ni vinne. Ulinisomea telegramu kutoka Lushoto maneno matatu matatu, ukangoja niseme "haya" ndipo uendelee, kwa sababu ulijua mkono wangu ni mzito. Kisha nilikusomea yote niliyoandika, tukahesabu maneno. Yakipungua, ulianza upya. Na kila telegramu ilikuwa na namba yake, ili ikipotea njiani tujue. Mwanzoni niliona aibu kumwambia mtu aliyenilea arudie. Ulicheka. "Kwenye waya hakuna shangazi, Zaina. Uliza."

Jumatano ile kiti chako cha Lushoto alikikalia Mzee Kaniki, mwenzako wa kazi. Alisema una mafua. Akanisomea kumi na moja, mkutano wa kijiji cha ujamaa. Kumi na mbili, mbegu za viazi za Mlola. Halafu kumi na nne. Nikauliza kumi na tatu iko wapi.

"Imefutwa, binti. Andika."

Ni mtu mzima, nilikuwa nimemwamkia dakika ileile. Nikaandika.

Ijumaa jioni baba mdogo alifika kwa lori. Akanywa chai kwanza. Ndipo akaniambia nimeitwa nyumbani. Kumbe ulikuwa umezikwa tangu asubuhi ile, Shangazi.

Tangu hapo nashuku kila mtu. Baba mdogo, kwa chai ile. Hata wewe: labda hukutaka nikuone umekonda. Juzi nilishuka Lushoto, nikaomba daftari la telegramu zinazotumwa. Kumi na tatu ipo. Haikufutwa. Mwandiko ni wako, unatetemeka: "Zaina naumwa njoo upesi." Maneno manne. Sijui nimeyahesabu mara ngapi.

Mzee Kaniki hakukana. Alivua kofia, akasema habari ya namna hiyo haisomwi kwenye waya kwa binti aliye peke yake. Anatumwa mtu, anaketi naye, anamwambia polepole. Alimtuma baba mdogo siku ileile, lori likakwama kwenye matope. "Nilikuhurumia, mwanangu."

Mvua ilinyesha, ni kweli. Lakini ningeanza kutembea saa ileile. Alhamisi jioni ningekuwa mlangoni kwako. Na mbona alilifunga daftari kabla sijaondoa kidole?

Sasa kila asubuhi ananisomea, nami namrudisha nyuma neno kwa neno, hata asipokosea. Hakasiriki. Anarudia kwa upole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Upole huo nao naushuku.

Nakuahidi hili: habari ya mtu ikinifikia, hata iwe mbaya namna gani, ataipata siku hiyohiyo, yote, kama ilivyoandikwa. Sitamchagulia.

Pumzika, Shangazi. Kama itafika siku nikaacha kumshuku mzee yule, nitakuja kaburini kukuambia, kwa miguu yangu. Sitamtuma mtu.

Mwanao,
Zaina