Waya Kwenye Kifuniko cha Mashine

Baba,

Mikate ya matanga yako ililetwa na kiwanda chenu. Meneja alimpa Mama mkono, akasema, "Marehemu alikuwa mtu wa kazi, ila alizembea." Watoto wa ploti wakala mikate hiyo kwa chai. Nami nilikula, Baba. Ilikuwa laini.

Habari ya waya hakuitaja. Wewe mwenyewe ulinieleza kwamba mashine ya kukanda unga ina kifuniko cha wavu, na ukikifunua inasimama. Mkaifunga swichi yake kwa waya ili mkwangue unga huku inazunguka, kwa sababu nyapara aliwaambia, "Mashine ikisimama, na wewe utaenda kusimama nje ya geti na wale wanaotafuta kazi." Ulisimulia ukicheka. Ulisema mkono wako umeizoea.

Tumehama kutoka mtaa wa Umoja, kodi ilitushinda. Sasa tuko Mathare, chumba kimoja. Mama alipewa nafasi yako, kwenye mashine ile ile. Ukutani wamepachika kibao kipya: USALAMA KWANZA. Waya nao ulikuwa umerudishwa.

Nilimsihi Mama auondoe. Siku ya kwanza aliukata. Baba Wanjala, rafiki yako aliyebeba jeneza lako, akaufunga tena, na wenzake wakacheka: "Mama Nafula, hapa si kanisani! Unataka sote tufutwe?" Kesho yake akaukata tena, wakaufunga tena. Alikuwa akirudi nyumbani anavua viatu na kulala moja kwa moja. Sikujua kama nimemsaidia au nimemponza.

Wiki iliyopita nyapara alikuta mashine imesimama, Mama anakwangua unga. Akauliza nani amekata waya, macho yake kwa Mama. Kabla Mama hajajibu, Baba Wanjala akasema, "Ni mimi. Baba Nafula tulimtoa humo kwa mikono yetu. Ukiutaka waya, ufunge wewe, halafu utie mkono wako."

Alifukuzwa papo hapo. Aproni yake, ingali na unga, akavishwa mtu aliyeitwa kutoka getini. Hakuna aliyemtetea, Baba. Hata mmoja. Waliinama wakaendelea kupanga mikate.

Kisha yule mgeni akaamriwa afunge waya. Alizunguka kwa kila mtu akiomba koleo, maana waya ule mgumu haufungiki kwa vidole. Kila mtu akamwambia hana. Mama anasema koleo zilikuwa mifukoni mwao.

Mpaka leo mgeni huyo hajapata koleo. Nyapara hutukana tangu asubuhi, na mashine husimama kila inapofunuliwa. Baba Wanjala hajapata kazi. Nikikutana naye njiani namwamkia, naye bado ananijibu vizuri.

Pumzika, Baba. Sijui watu watavumilia hadi lini, kwa hiyo siwezi kukuahidi makubwa. Naahidi hili tu: siku waya utakaporudi, nitasimama mlangoni petu na Mama hatapita kwenda kazini, hata kama tutalala njaa.

Binti yako,
Nafula