Chupa ya Bibi Salima

Mungaa, Singida

Mama yangu, shikamoo. Mimi sijambo, ila upepo wa huku una baridi kweli.

Daktari ninayemsaidia anachunguza kwa nini chembe za mwili huzeeka. Bibi Salima wa kijiji hiki cha ujamaa alikubali akatwe kipande kidogo cha ngozi, tukakitunza kwenye chupa ndani ya sanduku la joto. Juzi mafuta ya taa ya sanduku yakatuishia, na lori halikutarajiwa mpaka kesho yake. Chembe zikipoa zinakufa. Nilikaribia kulia.

Bibi akaniambia, "Lete hiyo chupa, mjukuu wangu. Nimelea watoto tisa, nitashindwa na chupa?"

Akaifunga tumboni kwa kanga, akashinda nayo na kulala nayo. Jana daktari alipotazama kwenye hadubini, akaruka. "Zimeongezeka!"

Bibi akapiga kigelegele. "Kumbe bado ninazaa!"

Leo ameniletea ugali wa uwele na mlenda, nimekula mpaka nimesinzia. Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Na wewe, mama, asante kwa mgongo ulionibeba.

Mwanao akupendaye,
Rehema