Utepe wa Njano

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila kwa majonzi makubwa natangaza kifo cha kiti changu cha gereji, kilichovunjika mchana kweupe nikiwa nimekikalia, mbele ya mashahidi wanne. Marehemu nimemfunga utepe wangu wa njano, kama ninavyofunga kila kitu, na amefufuka.

Mwambie shemeji lori lake namba nne, lile la kikapu cha kupandia nguzo za umeme, linarudi huko Jumatatu. Panya walitafuna nyaya za kikapu, nimeshalimaliza. Namba saba bado limelala hapa likingoja matairi.

Kaka yako

26 Februari

Kaka,

Shikamoo. Hali yangu usiulize. Mume wangu katoka hospitali jana, mikono yote imefungwa mpaka viwiko. Alibonyeza swichi ashushe kikapu, moto ukamrukia, akakwama kule juu mpaka wenzake walipoleta ngazi. Namlisha kwa kijiko, naye anageuza uso ukutani.

Wenzake wanasema kiwanda kilichounda malori kiliandika yarudishwe kwa sababu nyaya zinashika moto, na bosi wenu, yule Kalamu Nne, akaikalia barua. Mng'oe pale, kaka. Kisha nataka aliyemchoma mume wangu aje hapa, ashike kijiko hiki mwenyewe.

Mdogo wako

2 Machi

Mdogo wangu,

Mpe shemeji pole. Barua nimeisoma, ukurasa mmoja. Kalamu Nne anaapa ndiyo yote, inataja namba saba peke yake, na kwamba alilisimamisha siku ile ile. Namba nne eti halimo! Anasema hivyo huku anazipanga zile kalamu zake nne mfukoni kama nishani. Kikao cha kumhoji ni Alhamisi. Kaka yako huyu mnene, anayeogopa hata wembe wa kinyozi, atasimama aseme. Nitamchoma polepole.

Kaka yako

14 Machi

Kaka,

Shikamoo. Kumbe Kalamu Nne kafukuzwa, tena akalia mbele za watu! Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mume wangu kanitaka nimsimulie mara mbili, na jana kala bila kugeuza uso. Ahsante. Ila kijiko bado kinamngoja. Mlete hata kwa kamba.

Mdogo wako

29 Machi

Mdogo wangu,

Hamjambo? Shemeji anaendeleaje? Leo sina utani.

Jana fundi wa kiwanda alikuja kukagua namba saba. Alipofungua, nyaya za kikapu hazikuwemo. Ncha zilizobaki zilikuwa zimefungwa utepe wa njano. Gereji nzima ilinigeukia tu.

Nilizitoa mimi, nikaziweka namba nne, shemeji asikose lori. Barua ya kiwanda ilikuwa haijafika. Gerejini kwetu huwa tunatoa kifaa lori hili tukatia lile, daftarini hatuandiki. Barua ilipofika nilikuwa nimesahau, au nilijisahaulisha, sijui.

Na kwenye kikao nilisema niliona ukurasa wa pili uliotaja namba nne, kwamba Kalamu Nne aliuchana. Haukuwepo. Nilimchukia mpaka nikauona.

Leo asubuhi nimewaandikia watu wa kikao ukweli wote, kisha nikaenda nyumbani kwa Kalamu Nne. Alinisikiliza amesimama mlangoni, akaufunga.

Uliyemtaka amepatikana. Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Kijiko kiweke tayari.

Kaka yako