Mgonjwa wa Kuigiza

Buhare, Musoma
3 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na ng'ombe wote wapo. Mimi sijambo, ila usicheke: nimepata kazi ya kuumwa. Kuna watafiti wanataka kujua wagonjwa wanavyohudumiwa kwenye zahanati, ili wajue matabibu wafundishwe nini. Basi tumefundishwa kujifanya wagonjwa. Tunaingia, tunajieleza, tunapimwa, kisha tunatoka kujaza fomu: alisalimia? Alisikiliza? Aliuliza tangu lini? Tumeapa kutosema, lakini mama hahesabiwi. Juzi nilikwenda zahanati ya Mugeta na kifua kikuu changu cha kupewa. Wakufunzi wanasema hakuna anayekohoa kunishinda.

Mwanao, mzima kabisa,
Jeska

Butiama
13 Mei 2024

Mwanangu Jeska,

Marahaba. Goti bado, ng'ombe wapo. Simu nimeiacha makusudi, maana hapa ukianza neno jirani analimalizia.

Jana baada ya misa katekista Baltazari alisoma tangazo. Tabibu wa Mugeta anamtafuta Jenoveva Magesa wa kijiji chetu, anayekohoa damu, aliyeambiwa alete makohozi kesho yake asirudi. Arudi, dawa ni bure na ugonjwa unatibika. Kanisa zima liligeuka kunitazama. Jeska, dada yako tumemzika, mwaka wa saba huu. Wale waliompa vidonge vya kikohozi miezi minne bila kumgusa kifua hawakumtafuta hata siku moja. Ni nani anatembea na jina la mtoto wangu?

Nijibu upesi.
Mama yako

Buhare
18 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Leo siulizi hali, najua nimeiharibu mwenyewe.

Ni mimi. Nilipewa jina la kusema. Lakini yule tabibu, Thadeo, kijana tu, alisogeza kiti karibu akaniuliza, "Dada, unaitwa nani?" kwa upole nisioutegemea, likanitoka la Jenoveva, na kijiji chetu nacho. Hata kikohozi ni chake, mama. Vile alivyokuwa akiinama upande huku ameshika ubavu, niliwaonyesha mafunzoni wakapiga makofi, nami nikafurahi. Naona aibu hata kuliandika.

Matabibu walitia sahihi mwanzoni mwa mwaka kwamba watapelekewa wagonjwa wa kuigiza, ila Thadeo amehamia juzi tu, hajui. Nilimweleza msimamizi wetu, akasema ninyamaze mpaka utafiti uishe Agosti. Nisamehe.

Mwanao,
Jeska

Butiama
2 Juni 2024

Jeska mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliipata siku kumi zilizopita. Nimechelewa kujibu kwa sababu na mimi sasa nina langu.

Jumanne Thadeo alifika hapa nyumbani kwa pikipiki, matope hadi magotini. Akauliza, "Mama, Jenoveva yupo?" Nilikuwa nimeshaisoma barua yako, nilijua kila kitu. Nikamjibu, "Jenoveva alikufa." Basi. Sikusema lini.

Alikaa kizingitini akalia. "Mimi ndo nilimwacha aende, mama. Wagonjwa wangu nawafuatiliaga siku ile ile, yeye nikasema kesho."

Neno moja tu lingemtua mzigo. Lakini miaka saba nimengoja mtu wa zahanati amlilie mtoto wangu, nikaona acha alie. Nikamtazama, na moyo wangu ukatulia. Ukatulia, Jeska! Alipoondoka ndipo nikajiona mchawi. Leo misani sikwenda kupokea komunyo.

Hukukosa peke yako.
Mama yako

Buhare
8 Juni 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Kazi nimeiacha. Jana nilikwenda Mugeta, nikapanga foleni kama wengine. Thadeo aliponiona aliinuka. "Dada! Si niliambiwa umeku..." Akanishika mkono kutazama mapigo kabla sijafungua mdomo.

Nilimweleza yote, lako na langu, maana sikuweza kuyatenganisha. Kisha akanionyesha barua ya kuacha kazi, ameshaitia sahihi, bado tu kuipeleka wilayani. Hakuichana mbele yangu. Hakusema kama ametusamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Nilipoinuka kuondoka akasema, "Na Jenoveva mwenyewe, alianzaje kuumwa?" Nikamwambia nilikuwa shule ya bweni, niliona mwisho tu, mwanzo anaujua mama. Anakuomba uje Jumatano ya tarehe 19, mchana, foleni ikishapungua. Anataka umsimulie tangu siku ya kwanza.

Nitakupitia asubuhi.
Mwanao,
Jeska