Mwisho wa Mstari

Geita

Dada yangu Mama Hamisi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako liwe limeacha kugombana na kile kilima cha kisimani. Sisi huku tu wazima. Useremala wa mgodini ni uleule: ukimaliza mlango mmoja, wanataka wa pili. Wifi yako amekijua Kisukuma kunishinda. Siku hizi ananisengenya nikiwa nimekaa palepale.

Habari kubwa ni ya Mwajuma. Ulipomwambia Baba Mkubwa asimwoze mpaka mtihani wa darasa la nne utoke, hata mimi babaye sikuwa na tumaini. Unamjua, hesabu za kugawanya zilikuwa zinamliza.

Na shule yenyewe! Wafugaji wa huku wakitakiwa watoe mtoto wa shule, mwerevu humwacha achunge. Hupelekwa yule anayepoteza ndama. Walimu wa kwanza walilijua hilo, wakafundisha kama mtu anayemwagilia jiwe. Akaja Mwalimu Petro kuwa mkuu. Akasema hakuletewa makombo, ameletewa watoto, na wote wataweza. Tukamwonea huruma.

Huku watu hulima kwa kundi, ngoma ikilia, majembe mstari mmoja. Anayechelewa, jirani humsaidia tuta lake ili mstari usikatike. Mwalimu akauhamishia mtindo huo shuleni: hakuna kwenda nyumbani mpaka wa mwisho aelewe, na aliyeelewa amweleze jirani yake. Walimu wenzake walinuna, kisha wakafuata, madarasa yote.

Jioni moja aliyebaki nyuma ni Mwajuma. Nilikuwepo, natengeneza madawati, nikatamani kuingia chini ya mojawapo. Mara akaja Mzee Masanja, tajiri wa ng'ombe, kumchukua mwanawe.

“Mwalimu, ng'ombe wangu wana kiu. Na huyo binti si wangu.”

“Mzee, shambani jirani akichelewa, mnamwacha na tuta lake?”

Mzee akamtazama Mwajuma, akaketi kizingitini kungoja. Mwanawe ndiye aliyemweleza Mwajuma, kwa mfano wa kugawanya ndama kwenye mazizi. Mwajuma akaipata hesabu. Kesho yake mzee akarudi na mtoto mwingine, yule mwerevu aliyekuwa amemficha malishoni.

“Karibu,” Mwalimu akasema. “Aanzie mwisho wa mstari.”

Dada, Mwajuma amefaulu. Mwakani anaingia darasa la tano, shule ya kati ya bweni ya wasichana. Wachache watarudia darasa, na wenzao wameshaanza kwenda kuwaeleza. Mwalimu namshukuru kila siku, lakini wewe kwanza. Usingesimama mlangoni kwa Baba Mkubwa, leo ningekuwa nashangilia watoto wa wenzangu.

Msalimie shemeji na cherehani yake, na jirani yetu mpika maandazi. Baba Mkubwa mpe shikamoo yangu kwa heshima zote. Na yule mchumba aliyemtafutia Mwajuma, kama bado anangoja, mwambie aanzie mwisho wa mstari.

Mimi mdogo wako uliyemlea,
Athumani, seremala