Fungu la kumi la mpunga

Kisangani, Jumapili, 1957

Bado nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Jumanne tulimzika Vero, mtoto wetu wa pekee. Leo mke wangu akatenga fungu la kumi la mpunga tuliovuna, alipeleke kanisani.

Nikamuuliza, "Mungu amechukua mutoto, sasa anataka na mupunga?"

Akajifunga kitenge polepole. "Papa Vero, silipi deni. Hata Vero hatukumununua. Tulipewa bure, tukafurahi naye."

Kilio kimemmaliza nguvu, kwa hiyo nikambebea kapu mpaka mbele ya madhabahu. Hapo mikono yangu ikakataa kuliachia. Mke wangu akanifungua vidole kimoja kimoja, watu wote wakingoja.

Mungu, mpunga nimekupa. Vero bado sijaweza.